Ufunguo wa pili: barua ya wazi kutoka Lubumbashi kuhusu siri ya mawasiliano

Kwa waheshimiwa wabunge wa taifa na maseneta wa Haut-Katanga,
Kwa wakubwa wa ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na simu, na wa wizara zinazoshughulikia simu na dijitali, Kinshasa

Waheshimiwa,

Sisi ni watu wa kazi ya mitandao: tunafunga rauta na VPN za maghala na migodi, tunasaidia waliopokonywa akaunti, na baadhi yetu tunafundisha. Ombi letu ni moja. Kabla hamjatia sahihi andiko lolote linalogusa usimbaji, yaani kufunga ujumbe kwa hesabu ili asome mtumaji na mpokeaji peke yao, waulizeni raia. Na muwaulize swali kamili, lenye bei yake ndani.

Maana maoni ya watu juu ya jambo hili yanafuata swali. Simama sokoni Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, uulize: "Mnataka polisi wasome mazungumzo ya majambazi kwenye WhatsApp?" Mikono yote itapanda, na wana haki, wezi wa usiku hawana rafiki. Halafu waulize haohao: "Mnakubali kila simu ya Kongo iwe na ufunguo wa pili, ukae ofisini Kinshasa, nanyi msijue ni nani anaushika?" Hapo mtaona mikono ikishuka. Maswali yote mawili yanaweza kuwa juu ya kifungu kilekile cha sheria.

Mnaikumbuka RAM. Mwaka 2020 Leta, yaani serikali, ilianzisha daftari la simu za mkononi, na sababu zilizoandikwa zilikuwa nzuri: kuzuia simu za bandia na kuifunga simu iliyoibiwa kwa namba yake ya IMEI, ile ya tarakimu 15 inayojitokeza ukibonyeza *#06#. Raia hakuulizwa. Aliona tu unité (salio la simu) zinakatwa, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G na kupanda. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2022 ikaondolewa. Wazo la kuzuia IMEI ya simu iliyoibiwa si baya hata kidogo. Lilizikwa pamoja na kodi yake. Ongeza na ile intaneti iliyokatwa tangu 31 Desemba 2018 hadi 20 Januari 2019, mtaelewa kwa nini leo ukimwambia mtu wa Katuba kwamba Leta inataka kulinda simu yake, anashika mfuko kwanza.

Kwa upande wa sheria, msingi upo. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inalinda siri ya barua, ya simu na ya mawasiliano ya namna yoyote, na haki hiyo haiguswi isipokuwa pale sheria inapotaja. Kuna sheria namba 20/017 ya 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano, na kuna Code du numérique, sheria ya mambo ya dijitali, yaani ordonnance-loi (amri yenye nguvu ya sheria) namba 23/010 ya 13 Machi 2023. Kama kawaida ya sheria zetu, mambo ya ndani yanaachiwa amri na arrêté (maagizo ya mawaziri) za baadaye. Sisi tunaangalia huko, kwa sababu mstari mmoja wa arrêté unaweza kubeba ufunguo wa pili bila mtu kuuona.

Tueleze basi ufunguo huo ni kitu gani.

Tangu Aprili 2016, kila ujumbe wa WhatsApp unafungwa ndani ya simu ya mtumaji na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji. Namna ya kufunga ni ile ya Signal, programu nyingine ya ujumbe. Simu zenyewe ndizo zinatengeneza funguo. Kila ujumbe unapata ufunguo wake, na ukishatumika unatupwa. Seva ya kampuni inabeba bahasha iliyofungwa tu. Kufuli inayotumika, AES ya biti 256, ina funguo nyingi kiasi kwamba idadi yake ni namba ya tarakimu 78. Na kwa wale wanaodhani haya yote ni mambo ya Wamarekani: AES ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikawa kipimo rasmi mwaka 2001.

Kwa hiyo ukiiambia kampuni "nipe ufunguo", haina cha kukupa. Inabaki kubadilisha mashine yenyewe, na kwa miaka zaidi ya 30 njia zilizojaribiwa au kupendekezwa ni tatu.

Ya kwanza ni kuweka ufunguo wa akiba kwa Leta. Marekani ilijaribu mwaka 1993 kwa chipu iliyoitwa Clipper: ufunguo wa kila chipu uligawanywa vipande viwili, kila kipande ofisi yake. Mwaka 1994 mtaalamu Matt Blaze alionyesha kwamba alama ya kuhakiki ndani ya chipu ilikuwa na biti 16 tu, yaani nafasi 65,536, ambazo kompyuta ndogo inazipitia ikijaribu moja moja. Mhalifu mwenye akili angeweza kufunga mlango wa Leta na kuendelea kuongea kwa siri, huku raia asiyejua hesabu akibaki wazi. Mradi ukafa.

Ya pili ni mgeni asiyeonekana. Mwaka 2018 wakubwa wawili wa upelelezi wa Uingereza walipendekeza kampuni iongeze kimya mtu wa tatu ndani ya mazungumzo. Funguo hazivunjwi, kweli. Ila programu inalazimishwa kumdanganya mwenye simu juu ya nani yuko chumbani, na ile namba ya usalama ya tarakimu 60 ambayo watu wawili wanalinganisha kwenye WhatsApp inakuwa pambo. Siku programu moja ikijulikana kwamba inadanganya kwa ruhusa, hakuna sasisho lolote litakaloaminiwa, hata lile la kuziba tundu la kweli.

Ya tatu ni kuchungulia picha ndani ya simu kabla hazijafungwa. Apple ilitangaza mpango wa namna hiyo Agosti 2021. Mwezi huohuo wataalamu walitengeneza picha mbili tofauti kabisa ambazo mashine ilizitambua kama picha moja. Mwishoni mwa 2022 kampuni iliacha mpango.

Sasa, mlango ukishafunguliwa, nini kinaharibika? Mfano tunaoupenda kuliko yote ni wa Ugiriki, kwa sababu ndani yake mwathirika hakuwa mtu mdogo. Mitambo ya Ericsson iliyotumiwa na Vodafone huko ilikuwa imekuja na programu ya kusikiliza simu kwa amri ya sheria, lakini kampuni ilikuwa haijaweka sehemu ya usimamizi inayoonyesha ni namba zipi zinasikilizwa. Watu wasiojulikana waliingia wakaiwasha. Tangu Agosti 2004 hadi Machi 2005, simu zaidi ya 100, pamoja na ya waziri mkuu Kostas Karamanlis, zilikuwa zinanakiliwa na kupelekwa kwenye simu nyingine za kulipia kabla. Iligunduliwa kwa bahati tu: wezi walisasisha programu yao vibaya, SMS za watu zikaanza kushindwa kufika, mafundi wakaanza kutafuta. Kampuni ilipigwa faini ya euro milioni 76, lakini waliosikilizwa walikuwa wameshasikilizwa. Waheshimiwa, mlango wa namna hiyo ukijengwa Kongo, namba za kwanza kutafutwa zitakuwa zenu. Hakuna jasusi anayeanza na muuza dagaa.

Miaka 20 baadaye ikarudi, tena kubwa zaidi. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba kundi lililopewa jina Salt Typhoon, ambalo Marekani inalihusisha na China, liliingia katika kampuni za simu za Marekani, pamoja na mifumo iliyowekwa kwa ajili ya usikilizaji wa amri ya mahakama. Desemba 2024 maofisa wa FBI na wa shirika la usalama wa mitandao wakashauri watu watumie programu zilizosimbwa. FBI hiyohiyo ilikuwa imelalamika miaka mingi kwamba usimbaji umezidi.

Na udhaifu uliowekwa na sheria haufi sheria inapokufa. Katika miaka ya 1990 Marekani ilikataza kuuza nje kufuli nzito. Programu za kuuza nje zikawa na funguo dhaifu za RSA (aina nyingine ya kufuli) za biti 512. Katazo likaondolewa, lakini msimbo wa zamani ulibaki ndani ya seva nyingi. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba mtu anayekaa katikati ya njia anaweza kuilazimisha simu au kivinjari kurudi kwenye ufunguo ule mdogo, halafu akauvunja kwa saa chache kwa kukodi kompyuta za takriban dola 100. Waliodhurika wengi walikuwa watoto wakati katazo linaandikwa.

Waandishi wa sheria zetu wanapenda kuangalia Paris. Basi waangalie hadi ukurasa wa mwisho. Ufaransa nayo ilidai ruhusa kwa usimbaji. Mwaka 1999 ikaachia matumizi ya funguo za hadi biti 128. Na sheria ya 21 Juni 2004, kifungu cha 30, ikaandika wazi kwamba kutumia njia za usimbaji ni huru. Machi 2025, katika sheria dhidi ya biashara ya madawa ya kulevya, wabunge wao walikataa kifungu kilichotaka kurudisha mlango wa nyuma.

Hapa kwetu shida iko upande mwingine: usimbaji ni mdogo mno mahali pesa zinapopita. Mteja anayetoa pesa za simu kwenye kabini ya Ruashi kwa menyu ya USSD (ile ya nyota na reli) anaandika namba yake ya siri katika kitu kisichofungwa mwisho hadi mwisho. Kinachofungwa ni hewa tu, kati ya simu na antena; ndani ya mtandao namba inasafiri wazi, na yeyote aliyefika kwenye seva ya USSD anaweza kuiona. Na kwenye 2G hata hewa hiyo ina kufuli ya A5/1, ambayo tangu 2009 inajulikana hadharani jinsi ya kuivunja. Kama ARPTC inatafuta kazi ya haraka juu ya usimbaji, ni hii: kuzidai kampuni za simu zizime A5/1 pale A5/3, kufuli iliyo ngumu zaidi, inapowezekana, namba za siri zisiandikwe kamwe katika kumbukumbu za seva, na mteja mwenye simu ya kisasa apewe programu isiyomla megabaiti, inayotumia TLS, kufuli ileile ya tovuti salama.

Wizi wa akaunti wenyewe hauhitaji kuvunja kufuli. Mtu anapiga simu kwa sauti ya upole: "Mama, nimetuma kode kwako kwa makosa, nisomee." Zile tarakimu 6 ndizo zinafungua WhatsApp yako kwenye simu yake, baada ya dakika kumi anawaomba ndugu zako pesa ya hospitali. Dawa ni kuweka namba ya siri ya pili: Paramètres, halafu Compte, halafu Vérification en deux étapes, tarakimu 6 unazozichagua mwenyewe, tofauti na za pesa. Na nakala ya akiba inayokwenda Google Drive haifungwi mwisho hadi mwisho mpaka wewe uiwashe: Discussions, Sauvegarde des discussions, Sauvegarde chiffrée de bout en bout. Tangazo la redio la dakika mbili kwa Kiswahili juu ya hayo lingeokoa franka nyingi kuliko amri yoyote ya kufungua mazungumzo.

Kuhusu ruhusa za kabla. Kama arrêté itadai kibali kwa kila anayetoa "huduma ya usimbaji", angalieni inamgusa nani. Duka la Kamalondo lenye tovuti ndogo linatumia cheti cha bure cha Let's Encrypt, ambacho kwa kawaida kinaisha baada ya siku 90 na kompyuta inakifanya upya yenyewe. Je, mwenye duka apande Kinshasa kila miezi mitatu? Wakala wa forodha wa Kasumbalesa anayetuma karatasi za lori kwa mtandao anasimba. Zahanati inayotuma majibu ya damu inasimba. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu, anayeingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH anasimba. Sheria inayowaweka wote katika kosa inampa kila mwenye kofia sababu ya kuomba kitu kidogo, nayo haitamgusa jambazi anayepakua programu huru isiyo na ofisi mahali popote.

Tunajua jibu linalokuja: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini mgonjwa anamwonyesha daktari kidonda, ndani, mlango umefungwa. Hakionyeshi sokoni.

Na polisi wafanye nini basi? Hili linatuchukua muda kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo. Mwenye hati ya hakimu tayari ana vitu vingi ambavyo usimbaji haufichi. Kampuni ya simu inajua namba ipi ilipiga ipi, saa ngapi, dakika ngapi, chini ya antena ipi. Mwizi akibadilisha puce (kadi ya SIM) bila kubadilisha simu, IMEI inamtoa. Pesa za simu zinaacha njia kamili, kutoka mtumaji hadi kabini. Kundi la watu kumi lina simu kumi. Mmoja akifungua yake kwa hiari, mazungumzo yote yako mezani. Tahadhari moja: antena ya katikati ya mji inaonyesha mahali kwa kukadiria mita mia chache, lakini nje ya mji ni kilomita kadhaa. "Alikuwa chini ya antena" si "alikuwa ndani ya nyumba ile", na hakimu aambiwe hivyo.

Kinachoua kesi mara nyingi ni jinsi simu inavyoshikwa. Ofisa anaichukua na kuanza kupekua kwa kidole: ujumbe unaonekana umesomwa, saa zinabadilika, wakili anauliza nani aligusa. Au anaizima. Simu iliyokuwa wazi ikizimwa, funguo zinatoka kwenye kumbukumbu, na ikiwashwa inadai namba ya siri upya. Utaratibu ni huu: weka hali ya ndege au mfuko unaozuia mawimbi, usizime, unganisha na betri ya nje, andika IMEI, saa na majina ya waliopo, tengeneza nakala moja nzima, piga hesabu ya SHA-256 ya nakala hiyo, yaani alama yake ya kuitambulisha yenye herufi na tarakimu 64, na umpe wakili wa mwenye simu karatasi yenye hesabu ileile. Nukta moja ikibadilishwa, hesabu yote inabadilika. Vifaa vya kuanzia kwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) moja ni kompyuta, diski, mifuko na mafunzo. Bei yake haifanani hata kidogo na bei ya mtambo wa kusikiliza nchi.

Kuna wazo lingine linalorudi kila mara, la kumtafuta "mtumaji wa kwanza". Kifungu cha 360 cha Code du numérique kinaadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo, na mara moja watu wanataka mashine inayosema nani alianza. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023, simu na kompyuta yake zikachukuliwa, akahukumiwa miezi 6, akatoka Machi 2024; kesi nzima ilizunguka juu ya nani alitoa na nani alisambaza karatasi moja. Kwa ufundi: WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida inaibana upya na kuondoa maelezo ya kamera. Anayepiga picha ya skrini na kuituma anakuwa "wa kwanza" wa faili mpya. Aliyeipokea kwa barua pepe au kwa Bluetooth kisha akaiweka kwenye kundi anakuwa "wa kwanza" pia. India iliandika dai hilo katika kanuni zake za 2021. WhatsApp ikaenda mahakamani Delhi mwaka huohuo, kwa sababu ili kumjua mmoja lazima utunze alama ya ujumbe wa wote.

Tunachoomba kina mfano Afrika tayari. Tangazo la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu la 2019, kanuni ya 40, linazitaka nchi zisipige marufuku wala kudhoofisha usimbaji, na linataja milango ya nyuma na funguo za akiba kwa jina, isipokuwa pale hatua hiyo inapopatana na sheria ya kimataifa ya haki za binadamu. Kanuni ya 41 inadai upelelezi ulenge mtu, kwa ruhusa ya kabla ya mahakama huru. Liingizeni hilo katika arrêté kwa maneno ya kazi: hati itaje jina au namba, kosa, na siku zisizozidi, tuseme, 30, kampuni ya simu isiunganishe kitu bila namba ya hati, kila kuunganisha kuandikwe mahali ambapo anayeunganisha hawezi kufuta, kila mwaka idadi itangazwe kwa mkoa, na aliyesikilizwa aambiwe kesi ikiisha. Simu ya raia isifunguliwe barabarani bila hati.

Na swali liende kwa watu kwa lugha yao. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Tunaomba rasimu nayo ifuate njia hiyo: isomwe redioni, ibandikwe kwenye ofisi za komini, na watu wapewe angalau mwezi wa kujibu kwa maandishi, kwa simu au kwa mdomo mbele ya karani anayeandika.

Mfasiri awe mtu, tena anayejua kazi. Neno "cryptologie" likigeuzwa kuwa "mambo ya siri", swali la kwanza litasomeka "Je, mnakubali mambo ya siri?" na hakuna mama wa Kampemba atakayesema ndiyo. Sisi tunapendekeza "kufunga ujumbe" kwa usimbaji, "ufunguo wa pili" kwa mlango wa nyuma, na "nani, lini, wapi" kwa zile taarifa zinazozunguka ujumbe. Tunaweza kutoa watu wawili kwa kazi hiyo hapa Lubumbashi, bila malipo, kuanzia siku rasimu itakapotoka.

Kwa heshima,

Mafundi na walimu wa mitandao na usalama wa kompyuta,
Lubumbashi, Haut-Katanga